Sailensi ya injini ya dizeli ya zamani: skrubu moja, na mambo ya kukagua kabla ya kuigusa

Gari la dizeli la miaka mingi likisimama kwenye foleni, hali ya injini yake hujulikana kabla hata ya kuona moshi. Lingine hutetemeka mpaka kioo cha pembeni kisionyeshe kitu, na dereva analazimika kuacha mguu juu ya pedali ili lisizime. Lingine hunguruma kama linataka kuondoka lenyewe, na gia ya kwanza ikiingizwa linaruka. Kwa yote mawili dawa inayotolewa mtaani ni ileile: fungua boneti, geuza skrubu ya kwenye pampu, funga boneti, nenda zako.

Kazi hiyo huchukua dakika mbili, na mara nyingine ndiyo inayotakiwa. Lakini mara nyingi skrubu haikuwa na kosa lolote. Ilikaa mahali palepale kwa miaka huku kitu kingine kikichakaa, kikiziba au kikivuta hewa. Anayeigeuza bila kutafuta kitu hicho anaondoa dalili na kuuacha ugonjwa. Na anayekosea skrubu akageuza ya jirani yake anaweza kuua injini nzima.

Katika makala haya tunaeleza sailensi ni nini, inasimamiwa na nini ndani ya pampu, ikaguliwe vipi na irekebishwe vipi. Tumelenga injini zenye pampu isiyotumia kompyuta, kama vile 2L, 3L na 5L za Toyota zilizofungwa kwenye Hilux na Hiace nyingi zinazobeba abiria na mizigo Afrika Mashariki, pamoja na 1HZ ya silinda sita na ujazo wa sentimita za ujazo 4,164, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1990 na ambayo bado inavuta Land Cruiser za polisi, hospitali, mashirika ya misaada na watalii. Kanuni zake zinafaa pia kwa magari ya kampuni nyingine yenye pampu za aina hiyo.

Sailensi ni nini, na iwe ngapi

Mafundi wengi wa Tanzania huita sailensi ule mwendo wa injini gari likiwa limesimama, gia iko huru na mguu hauko kwenye pedali ya mafuta. Hupimwa kwa idadi ya mizunguko ya krenki shafti kwa dakika moja. Injini nyingi ndogo za dizeli za zamani hutakiwa kuzunguka kati ya mara 650 na 850 kwa dakika zikiwa zimepata moto. Kiwango halisi cha gari lako kimeandikwa kwenye kitabu chake cha matengenezo, na kwenye magari mengi kiko pia kwenye kibandiko chini ya boneti. Kiwango hicho ndicho cha kufuata, si cha gari la jirani, hata kama yanafanana kwa nje.

Sailensi ikiwa chini mno, pampu ya oili inazunguka polepole na presha ya oili inashuka. Alteneta haizalishi umeme wa kutosha, taa zinafifia na betri haichaji vizuri. Kwenye injini nyingi za dizeli za Toyota, pampu inayofyonza hewa kwa ajili ya kulainisha breki imefungwa nyuma ya alteneta, hivyo injini inayozunguka kwa shida inaisaidia breki kwa shida vilevile. Mtetemo nao hukata mauntini za injini, hulegeza nati na hupasua mabomba.

Ikiwa juu mno, mafuta yanaungua bure kila unaposimama. Gia hulia zikiingizwa, na gari lenye gia otomatiki husukuma mbele hata breki ikiwa imekanyagwa. Kwenye mteremko mrefu injini haishiki gari kama inavyopaswa, na breki zinabeba mzigo ambao si wake.

Kwa nini dizeli haifanani na petroli

Injini ya petroli ya zamani hupunguzwa mwendo kwa kubana hewa inayoingia. Ndiyo maana fundi wa kabureta hugeuza skrubu inayozuia kilango cha hewa kisifunge kabisa. Injini nyingi za dizeli za zamani hazina kilango hicho. Hewa huingia yote, wakati wote. Kinachoamua mwendo ni kiasi cha mafuta yanayosukumwa na pampu kwenda kwenye nozo. Rudolf Diesel, mhandisi Mjerumani ambaye injini yake ilifanya kazi kwa mafanikio mjini Augsburg mwaka 1897, alitegemea joto la hewa iliyoshindiliwa kuwasha mafuta bila plagi ya cheche. Kanuni hiyo haijabadilika.

Hapa pana hatari ambayo petroli haina. Kwa kuwa hewa ipo tele, injini ya dizeli ikipewa mafuta zaidi itaendelea kuongeza mwendo mpaka kitu kivunjike. Kwa hiyo kila pampu ya dizeli ina mlinzi ndani yake, anayeitwa gavana. Kwenye pampu ya mzunguko, aina iliyobuniwa na Bosch na kutengenezwa pia Japani kwa leseni, gavana ni vipande vizito vya chuma vinavyozunguka pamoja na shafti ya pampu. Injini ikiongeza mwendo, vipande hivyo hutanuka kwenda nje na kusukuma mikono ya ndani inayopunguza mafuta. Injini ikipunguza mwendo, vinarudi ndani na springi inavuta mafuta yaongezeke.

Kwenye sailensi vipande hivyo vinazunguka polepole na nguvu yake ni ndogo, kwa hiyo springi inayopambana navyo ni laini sana. Skrubu ya sailensi inaamua mkono wa nje wa pampu usimame wapi mguu unapotoka kwenye pedali, na hivyo springi ivutwe kiasi gani. Mabadiliko madogo ya skrubu hubadilisha sana mwendo. Na msuguano mdogo ndani ya pampu, au povu dogo la hewa kwenye mafuta, hutosha kuifanya injini ipande na kushuka bila kukanyagwa.

Skrubu tatu, moja tu ndiyo ya sailensi

Kwenye mwili wa pampu kuna skrubu kadhaa zenye nati za kufungia. Tatu zinahusika na mwendo na nguvu, nazo ndizo huchanganywa.

Ya kwanza ni skrubu ya sailensi. Ya pili huzuia mkono wa pampu usivuke mwendo wa juu kabisa ambao injini inaruhusiwa kufika. Ya tatu, ambayo kwenye pampu nyingi za mzunguko iko upande wa nyuma karibu na mabomba ya kwenda kwenye nozo, hupanga kiasi cha juu cha mafuta injini inapobeba mzigo mzito. Kiwandani hizi mbili za mwisho hupangwa pampu ikiwa juu ya mashine ya kupimia, na mara nyingi hufungwa kwa waya wenye risasi au kofia ya chuma. Alama hiyo inamaanisha usiguse.

Kuzitofautisha ya kwanza na ya pili ni rahisi. Zima injini. Mwombe mwenzako akanyage pedali ya mafuta polepole mpaka mwisho, kisha aachie, huku wewe ukiutazama mkono wa pampu unaovutwa na waya wa aksileta. Skrubu ambayo mkono unaiegemea pedali ikiwa imeachiwa ndiyo ya sailensi. Ile ambayo mkono unaifikia pedali ikiwa imekanyagwa mpaka mwisho ndiyo ya mwendo wa juu. Rudia zoezi hili mpaka uwe na uhakika, kisha weka alama ya rangi kwenye ile ya sailensi.

Skrubu ya mwendo wa juu ikilegezwa, gavana huruhusu injini izunguke kupita kiwango ambacho pistoni, valvu na koni rodi zilitengenezewa. Koni rodi ikikatika hutoboa bloku, na hapo hakuna matengenezo, kuna kununua injini nyingine. Skrubu ya mafuta ya mzigo ikiongezwa, gari huonekana kupata nguvu kwa wiki chache, lakini joto ndani ya silinda hupanda na moshi mweusi hufuata. Cha kuongeza ugumu ni kwamba kwenye pampu nyingi skrubu hii ya mafuta hupandisha sailensi pia. Fundi asiyeijua pampu huigeuza akidhani ametibu sailensi, kumbe amebadilisha kitu kingine kabisa.

Kama gari lako lina pampu au nozo zinazosimamiwa na kompyuta, mfano injini ya 1KZ-TE au 1KD-FTV, hakuna skrubu ya sailensi ya kugeuza. Kompyuta ndiyo inayopanga, na tatizo hutafutwa kwa mashine ya kusomea.

Kagua haya kabla ya spana

Orodha hii inaanza na vitu vya bei nafuu na vinavyoonekana kwa macho.

Waya wa aksileta. Ukibana mno, mkono wa pampu hauifikii skrubu ya sailensi, na injini inazunguka juu kwa sababu ya waya tu. Pedali ikiwa imeachiwa, waya uwe na ulegevu mdogo. Angalia pia zulia la miguuni. Likisukuma pedali matokeo ni yaleyale.

Kishikizo cha sailensi kwenye dashibodi. Hilux na Land Cruiser nyingi za zamani zina kishikizo cha kuvuta kinachopandisha mwendo wakati wa baridi. Hakikisha kimerudishwa ndani.

Kifaa cha kuwashia asubuhi. Pampu nyingi za Toyota zina kikopo chenye nta kinachopitiwa na maji ya rejeta. Maji yakiwa ya baridi kikopo husukuma mkono na kupandisha sailensi, na yakipata moto huachia. Maji yakipungua, au bomba lake likiziba, kikopo hakipati joto na sailensi inabaki juu. Anayepunguza skrubu hapo ataikuta injini inazima siku kikopo kitakapoachia.

Kipandisha sailensi cha kiyoyozi. Kiyoyozi kikiwashwa, kifaa kidogo chenye bomba la kufyonza hewa husukuma mkono wa pampu ili injini isilemewe. Bomba likipasuka injini hushuka kila kiyoyozi kinapowaka.

Filta ya dizeli na maji. Toa maji chini ya filta mpaka itoke dizeli safi. Kama hujui filta ilibadilishwa lini, ibadilishe. Chujio la hewa lililojaa vumbi nalo husababisha moshi na mwendo mzito.

Hewa kwenye mafuta. Hii ndiyo sababu kubwa ya injini kupanda na kushuka. Hewa huingia kwenye bomba lililopasuka, kibano kilicholegea, au pampu ya mkono ya juu ya filta iliyochoka. Njia nzuri ya kuiona ni kuweka kwa muda kipande cha bomba linaloonyesha ndani, kabla ya mafuta kuingia kwenye pampu, na kutazama kama povu linapita.

Nozo, valvu na taimingi. Nozo inayodondosha mafuta badala ya kuyanyunyiza hufanya silinda moja kugonga au kumisi. Nafasi za valvu zilizobana hupunguza mshindilio. Taimingi ya pampu iliyosogea hubadilisha sauti, moshi na sailensi kwa pamoja.

Mafundi huitafuta silinda dhaifu kwa kulegeza kidogo nati ya bomba kwenye nozo moja baada ya nyingine, injini ikiwa kwenye sailensi. Mwendo ukishuka, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Usipobadilika, umeipata mgonjwa. Kazi hii tunashauri aachiwe fundi mwenye miwani na glavu. Mafuta yanayotoka kwenye mabomba hayo yana presha inayozidi mara mia moja ile ya hewa ya kawaida, na yanaweza kupenya ngozi. Mtu akichomwa na dizeli ya presha apelekwe hospitali mara moja, hata kama tundu ni dogo na halimuumi.

Kupima mizunguko bila kubahatisha

Sikio la fundi mzoefu lina thamani, lakini skrubu haipangwi kwa sikio peke yake. Kama gari lina kipima mizunguko kwenye dashibodi kinachofanya kazi, kinatosha kwa kuanzia. Vipimo vya gereji vinavyonasa cheche za plagi havifai hapa, kwa kuwa dizeli haina cheche.

Kuna njia nyingine tatu. Ya kwanza ni kipimo cha mwanga: unabandika kipande cha karatasi inayong'aa kwenye pulei ya krenki shafti na kukielekezea kifaa. Ya pili ni kibano kinachoshika bomba la nozo na kuhisi mipigo ya mafuta. Kumbuka kwamba katika injini ya mipigo minne, kila silinda hupata mafuta mara moja kwa mizunguko miwili. Kwa hiyo mwendo wa 750 ni mipigo 375 kwa dakika kwenye bomba moja, na kifaa kiwekwe kulingana na hilo. Ya tatu ni programu ya simu inayosoma sauti. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 750 kwa dakika huwasha mara 25 kwa sekunde, na ya silinda sita ikizunguka mara 700 huwasha mara 35 kwa sekunde. Programu hizo husaidia, ila kelele za gereji huzidanganya, kwa hiyo rudia kipimo mara kadhaa.

Hatua za kurekebisha

Fanya kazi hii mahali pa wazi. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani la Shirika la Afya Duniani liliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na gereji iliyofungwa haifai hata kwa dakika kumi. Gari liwe kwenye tambarare, hendibreki imevutwa, magurudumu yamezuiwa kwa mawe au vigingi, gia iko huru. Vua tai, skafu, au nguo yoyote inayoning'inia. Feni na belti haziangalii ni nguo ya nani.

1. Endesha gari mpaka injini ipate moto kamili. Sailensi ya injini ya baridi haipangwi, na fundi anayeipanga saa kumi na mbili asubuhi kwenye baridi ya Njombe au Limuru anapanga kitu ambacho mchana kitakuwa kingine.

2. Zima taa, kiyoyozi, redio na feni ya ndani. Usukani uwe umenyooka.

3. Pima mizunguko na uiandike. Weka alama ya rangi kwenye skrubu na nati yake, ili uweze kurudi ulipoanzia.

4. Shikilia skrubu isizunguke, kisha legeza nati yake. Kwenye Toyota nyingi hii ni kazi ya spana ndogo na bisibisi.

5. Geuza skrubu robo mzunguko au chini yake. Kwa kawaida kuikaza hupandisha mwendo na kuilegeza hushusha. Subiri injini itulie kabla ya kugeuza tena.

6. Ukifika kwenye kiwango, kanyaga mafuta mpaka mizunguko kama 2,000 kisha achia. Injini irudi kwenye mwendo uleule bila kuchelewa na bila kutaka kuzima. Rudia mara tatu.

7. Kaza nati huku skrubu ikiwa imeshikiliwa, kisha pima tena. Mara nyingi kukaza nati husogeza skrubu kidogo.

8. Washa taa na kiyoyozi, zungusha usukani. Injini inaweza kuyumba kidogo kisha isimame imara. Kama gari ni otomatiki, kanyaga breki na uingize gia uone inavyopokea.

Kama skrubu inahitaji zaidi ya mzunguko mmoja ili kufika kwenye kiwango, tunashauri usimame hapo. Springi na skrubu havibadiliki kiasi hicho vyenyewe. Kuna kitu kingine kimebadilika.

Wenzako wajue pia la kufanya injini ikipanda yenyewe na ikakataa kuzima kwa ufunguo. Kwa gari la gia za mkono, aliye kwenye kiti akanyage breki kwa nguvu zote, aingize gia kubwa na kuachia klachi ili injini ikabwe izime. Njia nyingine ni kuziba mlango wa hewa kwa ubao au kitu kigumu na bapa. Usizibe kwa kiganja wala kitambaa, maana injini hufyonza kwa nguvu na kitambaa huingia ndani.

Pampu inapokuwa ndiyo mgonjwa

Pampu ya mzunguko haina oili yake. Kinacholainisha vyuma vyake vya ndani ni dizeli ileile inayopita humo. Pistoni ndogo inayosukuma mafuta imekaa ndani ya tundu lake kwa nafasi ndogo kuliko unene wa unywele, na maisha yake yote yanategemea usafi na utelezi wa dizeli.

Ndiyo maana maji na uchakachuaji ni adui zake wakubwa. Mafuta ya taa yanaungua kwenye dizeli bila shida, lakini ni mepesi na hayalainishi vizuri. Kwa miaka mingi yalikuwa ya bei nafuu kuliko dizeli, na wafanyabiashara wasio waaminifu waliyachanganya. Mwaka 2011 Tanzania ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kufuta faida hiyo, na mwaka 2018 Kenya iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita kwa sababu hiyohiyo. Familia zinazopikia mafuta ya taa ziliumia kwa kodi hizo, na pampu zilizokwisha kuchakaa hazikupona.

Pampu iliyochakaa ina dalili yake. Asubuhi gari linawaka vizuri, kwa sababu dizeli ya baridi ni nzito na haivuji ndani. Mchana, likizimwa likiwa na moto, linakataa kuwaka mpaka lipoe. Dizeli ya moto ni nyepesi, inapenya kwenye nafasi iliyopanuka, na kinachofika kwenye nozo hakitoshi. Sailensi nayo hushuka kadiri injini inavyopata moto. Mwenye gari analalamika kwamba linazima kwenye foleni, fundi anakaza skrubu, na kwa miezi michache kila mtu anafurahi. Kisha linaanza tena, skrubu inakazwa tena, mpaka siku moja asubuhi gari liko juu mno na mchana liko chini mno, na hakuna mahali pa skrubu panapofaa.

Wengine humwagia pampu maji baridi ili gari liwake. Wakati mwingine linawaka, na hiyo huonyesha kwamba kasoro ni uvujaji wa ndani. Lakini maji baridi kwenye pampu ya moto yanaweza kuibana ikakwama kabisa. Kinachohitajika hapo ni fundi pampu mwenye mashine ya kupimia, anayeweza kuifungua, kubadilisha vilivyochakaa, na kuipanga kwa vipimo vya kiwanda. Gharama yake si ndogo, lakini ni ndogo kuliko ya pampu iliyokwama njiani na gari limejaa abiria.

Unaponunua gari lililotumika

Skrubu ya sailensi hutumika pia kuficha. Gari linalotetemeka hupandishwa mwendo kabla ya mteja kufika, na mtetemo hupotea kwenye masikio yake. Fika gari likiwa bado la baridi na uliwashe mwenyewe. Liendeshe nusu saa, lizime, subiri dakika tano, liwashe tena. Pima sailensi likiwa na moto na ulinganishe na kibandiko. Tazama nati ya skrubu: rangi ya kiwandani iliyovunjika na alama mpya za spana ni sababu ya kuuliza maswali. Tazama pia kama waya wenye risasi wa skrubu ya mwendo wa juu bado upo. Usipokuwepo, muulize muuzaji nani aliufungua na kwa nini, na punguza bei mpaka pampu ikapimwe.

Daftari dogo ndani ya gari

Tunapendekeza kila mwenye gari la dizeli la zamani aandike vitu vichache kila linapofanyiwa matengenezo: tarehe, kilomita, sailensi likiwa na moto, na kama skrubu iligeuzwa, kwa kiasi gani. Haichukui zaidi ya mistari miwili.

Baada ya mwaka mmoja, mistari hiyo itasema jambo ambalo sikio haliwezi kukumbuka. Sailensi iliyokaa kwenye 720 miezi kumi na miwili inaonyesha pampu iliyotulia. Iliyoanza 720, ikawa 680, ikakazwa, ikawa 670, ikakazwa tena, inakuambia upange pesa za fundi pampu sasa, ukiwa bado unachagua siku ya kulisimamisha gari. Na fundi akikuambia atakaza kidogo tu, mwonyeshe daftari kwanza, kisha mwulize anadhani ni nini kilichobadilika.